ALIYEPEWA JEMBE ASINYIMWE KIPANDE

Maneno ya wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa haki, Msambweni



 Nimeombwa nizungumze juu ya watu waliohamia pwani yetu kutoka nchi za mbali, wakaishi nasi, wakazaa na kuzikana nasi, na bado wakaitwa wageni. Mngetazamia wakili aanze na vifungu vya sheria. Vifungu vitakuja. Mimi nataka kuanza na kosa langu mwenyewe.

Katika miaka yangu ya mwanzo ya uwakili, kabla hatujapata Katiba ya 2010, mzee mmoja Mmakonde alinijia ofisini akiwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo, kadi ya kazi ya kiwanda cha sukari, na kadi za kliniki za watoto wake wote. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, akaja huku angali kijana. Alivipanga vile vikaratasi juu ya meza yangu kimoja kimoja, akaniuliza, "Mwanangu, mimi ni wa wapi?"

Nilivisoma, nikavirudisha mfukoni, nikamwambia kuwa sheria haina mlango wake. Ukweli ni kwamba mlango wa kuomba uraia ulikuwapo, ila ulidai hati za uhamiaji ambazo kibarua wa shamba la miwa hakupewa kamwe. Kazi yangu ilikuwa kuubisha mlango ule, na sikuubisha. Siku ile nilikuwa na wateja wenye kesi za ardhi, nao walikuwa na uwezo wa kulipa. Mzee alinishukuru, akaondoka. Miaka michache baadaye nikasikia amefariki. Kaburi lake limo katika mchanga huu huu wa Kwale, naye alizikwa akiwa bado mgeni.

Ndugu zangu, wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake twaijua sote. Akishashika jembe, si mgeni tena. Amekuwa mtu wa nyumbani, ana kazi na ana haki ya sahani. Nataka tuutumie mfano huo kuwapima Wamakonde wa wilaya yetu, na kujipima sisi wenyewe.

Wamakonde ni watu wa nyanda za Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na ndugu zao wako ng'ambo ya Ruvuma, Newala na Mtwara katika Tanzania. Chini ya utawala wa Wareno walitozwa kodi nzito na kutiwa katika kazi za shuruti. Wengi walivuka mto kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi yao wakaendelea kaskazini hata wakafika pwani ya Kenya. Wenzao walifuata baada ya Septemba 1964, FRELIMO ilipoanzisha vita vya ukombozi. Na Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, haukupita muda mrefu ikaingia katika vita vingine vilivyodumu hata 1992. Huku kwetu walikata miwa ya Ramisi, walivuna mkonge, na wenye mkono wa sanaa walichonga vinyago ambavyo watalii wa Diani wamevibeba hadi Ulaya.

Basi jembe walipewa. Hakuna aliyeuliza kabila la mtu wakati miwa ilipokuwa imekomaa. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, Mdigo, Mkamba, Mduruma na Mmakonde walipoteza kazi pamoja. Lakini Mdigo alikuwa na kwao pa kurejea, na kipande mfukoni. Mmakonde alibaki na panga lake na kadi ya kazi ya kampuni ambayo haikuwapo tena.

Kipande! Neno hili lina historia chungu. Tangu mwaka 1920 hivi, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika katika koloni kuvaa kipande shingoni ndani ya kibweta cha bati, wapate kudhibitiwa kama mifugo. Babu zetu walikichukia na kukipinga. Nani angedhani kwamba katika Kenya huru wangekuwapo watu watakaolilia kipande usiku na mchana? Hebu tutazame ni kwa nini.

Bila kitambulisho huwezi kupiga kura. Huwezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikisha laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata fedha za M-Pesa utatumiwa kupitia jirani na uombe Mungu awe mwaminifu. Huwezi kumiliki shamba kwa hati. Kijana aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne husimama langoni mwa chuo akakosa kuingia. Ukikutana na askari barabarani huna la kusema, na kila safari ya kwenda Ukunda sokoni yaweza kuishia korokoroni. Ndipo wengine walipolazimika kusema uongo. Walijiandikisha kwa majina na makabila ya majirani, na watoto wao wakakua wakiitwa wana wa wazee wasiowazaa. Mtu akiazima jina ili aishi, polepole hujisahau. Leo wako vijana wa Kimakonde katika wilaya hii wanaosema Kidigo kwa ufasaha na hawakijui Kimakonde. Katika kuchanganyika huko kuna uzuri wa ujirani, lakini pia mna hofu, kwa kuwa mama aliyemkataza mtoto wake kusema lugha ya nyumbani mbele za watu hakuwa na chuki na lugha ile. Aliogopa kukamatwa.

Sasa niingie katika sheria, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Watu wengi hudhani kwamba watoto wa wahamiaji hawa hawakuwa raia kwa sababu sheria iliwasahau. Sivyo. Katiba tuliyoanza nayo Desemba 12, 1963 ilitamka kwamba mtoto atakayezaliwa Kenya kuanzia siku ile atakuwa raia, isipokuwa katika hali chache, kama vile watoto wa mabalozi. Kwa maneno mengine, mtoto wa mkata miwa wa Kimakonde aliyezaliwa Ramisi mwaka 1970 alizaliwa Mkenya, sawa na mtoto wa waziri aliyezaliwa Nairobi. Wazazi wake hawakujua, na hakuna aliyewaambia.

Kisha ukaja mwaka 1985. Bunge la chama kimoja liliibadilisha Katiba, likasema kuzaliwa nchini hakutoshi, sharti mmoja wa wazazi awe raia. Tena likayarudisha mabadiliko hayo nyuma hadi Desemba 12, 1963, kana kwamba ile ahadi ya uhuru haikutolewa kamwe. Watu waliolala raia wakaamka wageni, na jambo hilo likapita bila kelele. Nani angepiga kelele? Ilikuwa zama za mkono mmoja. Kifungu cha 2A kilikuwa kimekwisha kutufunga midomo tangu 1982, na hakikuondolewa hadi Desemba 1991. Ninyi mliopigania vyama vingi mwajua gharama ya kukiondoa. Nami nasema mfano huu unaonyesha kwa nini mlikuwa na haki: bunge lisilo na upinzani liliwavua watu uraia na hakukuwa na sauti moja ya kuuliza swali.

Katiba ya 2010 haikuurudisha uraia wa kuzaliwa nchini kwa kila mtoto. Ilisema mtoto ni raia iwapo baba au mama yake ni raia. Lakini ilisema pia, katika Kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Mwaka uliofuata, Agosti 2011, sheria ya uraia na uhamiaji ikafungua dirisha kwa watu wasio na nchi walioishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, na kwa wazao wao. Walitakiwa waombe katika miaka mitano, na waziri aliweza kuongeza mitatu. Dirisha lile likafika ukomo wake Agosti 2019.

Tazameni tarehe hizo kwa makini. Aliyefika kabla ya Desemba 1963 alikuwa na mlango. Aliyeikimbia vita iliyoanza Septemba 1964 hakuwa nao. Miezi tisa tu iliwatenga ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliyetangulia kwa ajili ya kazi na mwingine aliyefuata kwa ajili ya kuokoa roho yake, ingawa walishika jembe katika shamba lile lile.

Hata wale waliokuwa na haki chini ya dirisha hilo hawakuipata kwa kukaa na kungoja. Miaka ilipita, fomu hazikusonga. Ndipo Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, wazee kwa akina mama wenye watoto mgongoni, walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi, wakifuatana na watetezi wa haki za kibinadamu. Walizuiwa njiani, wakaendelea. Walifika, wakapokelewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka ule kwisha. Februari 2017 vitambulisho vya kwanza vikatolewa, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Siku ile nilifurahi kama wengine. Nilimkumbuka pia yule mzee wa mfuko wa plastiki. Lakini tangu hapo nimekuwa na maswali mawili, nami nawaletea ninyi kwa sababu mageuzi ni kazi yenu.

Swali la kwanza: je, uraia ni haki au ni hisani? Wamakonde walipewa walichostahili baada ya kutembea hadi mlangoni kwa Rais. Washona, waliokuja Kenya kutoka Zimbabwe wakieneza injili ya kanisa lao na kujipatia riziki kwa kusuka vikapu, walitangaziwa uraia na Rais katika sikukuu ya Jamhuri, Desemba 2020. Wapemba, ambao baadhi yao walikuja kuvua, wengine wakayakimbia Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengine wakatua hapa jirani, Shimoni, baada ya umwagaji damu wa Januari 2001 kule Pemba, walingoja hadi Julai 2023, rais mwingine alipowatambua. Kila mara twashangilia, na kila mara twamshukuru mtu mmoja. Siwalaumu wanaoshukuru, mwenye kiu hasemi na mwenye mtungi. Lakini sisi hatukupigania Katiba ili haki zitoke katika kiganja cha rais mwema. Atakapokuja rais asiyekuwa mwema tutafanya nini? Haki inayotolewa jukwaani yaweza kunyimwa jukwaani.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kwa nini ilimbidi Mmakonde awe kabila la 43 ndipo awe Mkenya? Katika Katiba yote hakuna kifungu kinachosema kwamba raia sharti awe na kabila lenye nambari. Kifungu cha 14 kinataja baba na mama, hakitaji kabila. Tena chasema mtoto anayeokotwa nchini, asiyejulikana wazazi wake wala uraia wake, akionekana kuwa chini ya miaka minane, ahesabiwe kuwa raia kwa kuzaliwa. Mtoto huyo ana kabila gani? Hana, na bado ni Mkenya kamili. Katiba imemkumbatia kabla ya kumwuliza ukoo wake. Lakini sisi kwa desturi tumeufanya uraia kuwa ukumbi wa makabila, na asiye na kiti chake humo husimama nje mvuani.

Hatari ya desturi hiyo twaijua hapa kuliko mahali pengi. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi tangu kifungu kile kuondolewa, watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zikaenea hadi Kwale. Watu walioitwa wa bara waliambiwa warudi kwao, nyumba zikachomwa, roho zikapotea, na maelfu wakakimbilia viwanja vya kanisa Katoliki la Likoni. Kumbukeni jambo hili: wengi wa waliofukuzwa walikuwa na vitambulisho. Wengi walikuwa na kadi za kura. Kabila lao lilikuwamo katika orodha tangu zamani. Kipande hakikuwaokoa, kwa kuwa jirani alikuwa ameshawishiwa kwamba kura ya mgeni ni wizi. Na baada ya hapo vijana wa Kidigo wasio na hatia wakateswa katika misako, nao pia kwa sababu ya kabila lao. Kila aliyehesabiwa kwa kabila alilipa kwa kabila.

Kwa hiyo nasema uraia una nusu mbili. Nusu moja imo katika ofisi ya msajili, na hiyo yahitaji sheria. Nusu ya pili imo katika moyo wa jirani, na hiyo hakuna bunge liwezalo kuipitisha. Mmakonde wa Msambweni anahitaji zote mbili.

Wakristo mliomo humu, mkumbukeni Mtume Paulo katika kitabu cha Matendo. Alipofungwa kamba tayari kupigwa mijeledi, hakuona haya kudai kwamba yeye ni raia wa Rumi. Jemadari alisema uraia wake mwenyewe aliununua kwa fedha nyingi; Paulo akamweleza kuwa yeye alikuwa nao tangu kuzaliwa. Asikudanganye mtu kwamba mwenye imani hapaswi kushughulika na hati za dunia. Nanyi ndugu Waislamu, mwakumbuka jinsi Mtume Muhammad alivyowaunganisha Muhajirina waliotoka Makka na Ansari wa Madina, wenyeji wakagawana na wahamiaji makazi na mali. Hakuna dini katika mji huu isiyokuwa na mhamiaji katika msingi wake.

Tufanye nini basi? Nitataja mambo manne, yote yamo ndani ya uwezo wenu.

La kwanza, tunzeni madaftari. Rejista ya ubatizo, daftari la ndoa la msikiti, kumbukumbu ya shule ya chekechea, kadi ya kliniki: vitu hivi peke yake havimfanyi mtu kuwa raia, lakini huthibitisha kwamba mtu fulani alikuwako hapa mwaka fulani, mwana wa fulani. Parokia iliyoacha rejista zake ziliwe na mchwa imeteketeza ushahidi wa maskini. Na kila mtoto anayezaliwa leo aandikishwe upesi, maana yule ambaye mzazi wake ana kitambulisho hana tena sababu ya kukosa cheti.

La pili, mtu akikataliwa ofisini msiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapomdhuru. Ombeni sababu hizo kwa adabu, na mngojee. Nimeona afisa aliyesema "haiwezekani" akibadilika alipoombwa aiandike na kutia sahihi.

La tatu, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Kanisa laweza. Chama cha akina mama chaweza. Wanubi wa nchi hii walilifikisha shauri la watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya haki za watoto, na mwaka 2011 kamati ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea. Wamedai kwa vizazi vitatu. Sisi tusichoke katika mwaka mmoja. Na madai yetu kwa Bunge yawe wazi: mlango wa watu wasio na nchi uwe wa kudumu katika sheria, usiwe na siku ya kufungwa, na usimhukumu mtu kwa kuchelewa miezi tisa.

La nne ndilo jepesi kwa ulimi na zito kwa moyo. Uchaguzi utakapokaribia, mwanasiasa atasimama hapa na kuwaambia nani mwenyeji na nani mgeni. Atasema kwa mafumbo, nanyi mtamwelewa. Siku hiyo nyamazeni kushangilia. Mtu akitafuta kura kwa kumtaja jirani yako kuwa mgeni, jua kwamba kesho atatafuta nyingine kwa kukutaja wewe.

Ndugu zangu, namalizia. Yule mzee aliniuliza yeye ni wa wapi, nami nikamjibu kama karani. Laiti angekuwa hai ningemjibu hivi: "Baba, wewe ni wa mahali ulipolima, ulipozaa na ulipozika. Keti, tuiandike barua hii pamoja, na wakiikataa tutaandika nyingine." Hayuko kunisikia. Lakini wajukuu wake wako, na katika vijiji vyetu wako wengine ambao bado hawajapata hata kuketi mbele ya meza ya wakili. Ofisi yangu iko wazi kwao, na safari hii sitauliza kwanza juu ya ada.